Hambaga ya Kawaida ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mgeni anayefika Marekani kutoka nyumbani huuliza mambo yaleyale akisimama mbele ya ubao wa bei: ipi ina nyama ya maana, Mwislamu afanyeje, kwa nini hii ni rahisi na ile ni ghali mara tatu. Nimeyakusanya hapa maswali hayo. Yote yanahusu hambaga ya kawaida kabisa, ile ya chini kwenye orodha, na maelezo ni ya Marekani isipokuwa pale nilipotaja nchi nyingine.

## Mambo ya msingi

Hambaga ya kawaida ni ipi hasa?

Ni mkate wa mviringo uliopasuliwa katikati, kipande kimoja cha nyama ya ng'ombe ya kusaga, na viungo vichache: tomato sosi, haradali, kitunguu, na vipande vyembamba vya tango lililolowekwa kwenye siki. Haina jibini wala yai. Ukiongeza jibini tayari ni kitu kingine na kina bei nyingine.

Majina hutofautiana. McDonald's na Burger King huandika Hamburger tu. Wendy's wana Jr. Hamburger, White Castle wana Original Slider. Kwa Five Guys uwe macho: ukiagiza Hamburger unaletewa vipande viwili vya nyama, kwa hiyo ya kulinganisha na wengine ni Little Hamburger, yenye kipande kimoja. Usipoiona ubaoni, uliza. Picha kubwa za mwangaza hupewa baga kubwa, lakini ndogo mara nyingi ipo.

Kwa nini kulinganisha hii, wakati watu wanazungumzia Big Mac na Whopper?

Kwa sababu wali mweupe ndio unaomwonyesha mpishi. Biriani huficha mengi. Baga yenye sosi nzito, jibini na bekoni inaweza kupendeza hata kama nyama yake ni dhaifu. Hii ya kawaida haina pa kujificha. Mkate ukiwa mkavu utajua, nyama ikiwa imekaa sana kwenye joto utajua.

Isitoshe, ukiijua hii unajua nusu ya orodha nzima. Nyama mbili zilizomo ndani ya Big Mac ni za ukubwa uleule wa nyama ya hambaga ya kawaida ya McDonald's. Kwa Burger King sivyo: Whopper ina nyama kubwa zaidi kuliko hambaga yao ndogo, kwa hiyo hukumu ya moja haihamii kwa nyingine moja kwa moja.

Kampuni hizi zilianzaje, na je, historia inaathiri ninachokula leo?

Inaathiri sana. White Castle walianza mwaka 1921 mjini Wichita, jimbo la Kansas, wakiuza hambaga ndogo za mraba kwa senti 5. Wakati huo Wamarekani wengi waliiogopa nyama ya kusaga, hawakujua kilichosagwa humo. Ndiyo maana majengo yao yalikuwa meupe, na nyama ilipikwa mbele ya macho ya mteja. Udogo ule wa mwaka 1921 bado upo.

Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga mkahawa wao wa San Bernardino, California, wakaufungua upya wakiwa na vyakula vichache tu na jiko lililopangwa kama kiwanda. Hambaga ilikuwa senti 15. Ili bei hiyo iwezekane, ratili moja ya nyama ilikatwa vipande kumi, na mpaka leo hambaga yao ya kawaida ni ya kipimo hicho. Ray Kroc alifungua tawi lake Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, na mwaka 1961 akawanunua ndugu hao kwa dola milioni 2.7.

Mwaka huohuo wa 1948, na California hukohuko, Harry na Esther Snyder walianzisha In-N-Out mjini Baldwin Park. Wao walikwenda njia nyingine kabisa: hawakuuza leseni ya jina lao kwa mtu, walikua polepole, na waliishikilia orodha fupi. Wendy's alikuja baadaye, mwaka 1969 mjini Columbus, Ohio. Dave Thomas alijitofautisha kwa nyama ya mraba isiyogandishwa.

## Nyama

Je, hambaga ina nguruwe?

Hapana, hata kama jina linawatia watu shaka. Kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinataka kinachouzwa kwa jina la hambaga kiwe nyama ya ng'ombe, mafuta yasizidi asilimia 30, bila kuongezwa maji wala unga wa kujazia. Kwa hiyo pale kampuni inapojisifu kwamba nyama yake ni ng'ombe asilimia mia, inajisifu kwa jambo ambalo sheria imelilazimisha kwa kila mtu.

Nguruwe huingia kwa njia ya bekoni. Kama hilo ni muhimu kwako, waulize bekoni inapikwa kwenye bamba lilelile au mahali pengine.

Basi ni halali?

Kukosa nguruwe si sawa na kuwa halali. Kampuni kubwa zinazotajwa hapa hununua nyama kutoka machinjio makubwa ya Marekani, na hambaga za orodha yao ya kawaida humo nchini haziuzwi kama nyama iliyochinjwa kwa masharti ya Kiislamu. Wapo Waislamu wanaokula kwa hoja ya chakula cha Watu wa Kitabu, na wapo wasiokula kabisa. Hilo mwulize sheikh unayemwamini, si mhudumu wa dirishani, ambaye mara nyingi hajui hata swali lina maana gani.

Anayetaka uhakika atafute mikahawa ya Waislamu wenyewe. Dearborn, Michigan, iko mingi, na miji mingi yenye jamii kubwa ya Waislamu ina angalau duka moja la baga halali. Kwa Ghuba hali ni tofauti. Tazama swali la Muscat huko chini.

Kila moja ina nyama kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uzito unaotangazwa siku zote ni wa nyama mbichi. Ikipikwa hupoteza maji na mafuta, na kwa kawaida hupungua karibu robo ya uzito, wakati mwingine zaidi.

McDonald's ni sehemu moja ya kumi ya ratili, yaani gramu 45 hivi za nyama mbichi. Hambaga ya kawaida ya In-N-Out ni karibu gramu 57. Ndogo za Burger King na Wendy's ziko katika daraja hilohilo la chini. White Castle ni nyembamba kuliko zote, ndiyo maana hakuna anayenunua moja; watu hununua nne, sita, au boksi zima. Upande wa pili wapo Whataburger wa Texas na Shake Shack wa New York, ambao hambaga yao ya kawaida ni robo ratili, gramu 113. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya nyama ya McDonald's.

Sasa angalia mkate. Nyama inapokuwa gramu 45, mkate unaishinda nguvu, na tonge la kwanza huwa mkate na tomato sosi zaidi kuliko nyama. Nyama inapokuwa robo ratili, uwiano unageuka. Mtu anayesema hambaga za Marekani hazina nyama na mwingine anayesema zina nyama kupita kiasi, mara nyingi wote wanasema kweli. Wamekula mahali tofauti tu.

Dawa ya bei nafuu ni kuagiza yenye nyama mbili badala ya kupanda kwenye baga kubwa yenye jina. Mkate unabaki uleule, nyama inaongezeka maradufu, na uwiano unakaa sawa.

Nyama iliyogandishwa ina ubaya gani?

Haina madhara kiafya. Tofauti iko kwenye ulaji. Nyama inapogandishwa, barafu hupasua nyuzi zake, na ikipikwa hutoa maji mengi zaidi, kwa hiyo huelekea kuwa kavu na ya kushikamana. Ile ambayo haikugandishwa hulegea mdomoni na kubaki na unyevu.

Wendy's, In-N-Out, Five Guys na Shake Shack hujenga jina lao juu ya nyama isiyogandishwa. McDonald's walihamia nyama ya namna hiyo mwaka 2018 kwa Quarter Pounder katika sehemu kubwa ya Marekani, lakini hambaga ya kawaida haikuhusishwa: hiyo bado hutoka kwenye friza. Watu wengi walisikia tangazo lile wakadhani limegusa orodha nzima.

Kwa nini nyama ya Wendy's ni ya mraba?

Ili pembe zitokeze nje ya mkate, uione nyama kabla hujauma. Ilikuwa biashara nzuri, na mpaka leo inafanya kazi.

Na ule uvumi wa nyama ya waridi iliyotiwa amonia?

Haukuwa uvumi. Ilikuwa nyama halisi ya ng'ombe, mabaki yaliyotenganishwa na mafuta kwa mashine na kupulizwa gesi ya amonia ili kuua vijidudu, kisha kuchanganywa na nyama nyingine. Mamlaka za Marekani ziliiruhusu. McDonald's waliacha kuitumia mwaka 2011. Wateja wengi walikasirika kwamba hawakuwa wameambiwa. Nadhani hasira ile ilikuwa ya haki. Mtu ana haki ya kujua anachokula hata kama hakitamdhuru.

## Mapishi

Kama zote ni ng'ombe na chumvi, ladha zinatofautiana kwa nini?

Kwa sababu ya moto. Zipo njia tatu kubwa, na ukizijua utaweza kuitambua hambaga ukiwa umefumba macho.

Ya kwanza ni bamba la chuma. McDonald's hubana nyama kati ya mabamba mawili ya moto, juu na chini, ikaiva pande zote kwa pamoja chini ya dakika moja, kisha hunyunyiziwa chumvi na pilipili manga. In-N-Out, Five Guys na Shake Shack hutumia bamba la wazi na kugeuza kwa mkono. Shake Shack huigandamiza nyama kwa nguvu inapogusa chuma, na pale ndipo unapopatikana ule ukoko wa kahawia wenye harufu ya nyama iliyokaangwa vizuri. Mimi huo ukoko ndio ninaoufuata kwenye baga kuliko kitu kingine chochote.

Ya pili ni moto wa wazi, na hapa Burger King ndio wanaojulikana zaidi kati ya wakubwa wa hambaga ya bei ya chini. Nyama hupita juu ya mkanda wa chuma katikati ya miali ya gesi, mafuta yanadondoka na kurudi kama moshi. Kwa sisi tuliokulia kwenye nyama choma, harufu hiyo inaingia moyoni mara moja. Hasara yake ni kwamba mafuta yakidondoka hayarudi, na nyama ndogo hukauka upesi.

Ya tatu ni mvuke. White Castle hutandaza vitunguu kwenye bamba, nyama juu ya vitunguu, mkate juu ya nyama, na nyama haigeuzwi kabisa. Kila kipande kina mashimo matano ya kupitisha mvuke wa vitunguu. Matokeo ni laini, yana unyevu na harufu kali ya kitunguu, na hayana ukoko hata kidogo. Anayetarajia baga ya kukaangwa atasikitika. Ichukulie kama chakula cha aina yake.

Viungo vinavyowekwa ni vilevile kila mahali?

La. McDonald's huweka vitunguu vilivyokatwa vidogo sana, ambavyo hufika vikiwa vimekaushwa na kulowekwa upya. In-N-Out huweka saladi, nyanya na sosi yao ya waridi bila kuombwa, kwa hiyo hambaga yao ya kawaida tayari ina kachumbari ndani yake. Whataburger wanaamini haradali kuliko tomato sosi. Five Guys hawaweki chochote mpaka useme, na karibu kila kiungo ni bure, hivyo ukinyamaza utapata mkate na nyama tu.

## Bei na afya

Kwa nini tawi moja linauza bei tofauti na lingine la kampuni ileile?

Matawi mengi si ya kampuni. Kwa McDonald's Marekani, karibu asilimia 95 yanamilikiwa na wafanyabiashara wenye leseni, nao hujipangia bei. Kodi ya pango na mishahara huongeza tofauti: California, kwa mfano, iliweka kima cha chini cha dola 20 kwa saa kwa wafanyakazi wa mikahawa ya kampuni kubwa za chakula cha haraka kuanzia Aprili 2024. Programu za simu nazo huwa na bei ya chini kuliko ya dirishani.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, gawa bei kwa uzito wa nyama. Tuseme ndogo ya gramu 45 ni dola 2 na kubwa ya gramu 113 ni dola 6. Ndogo inakugharimu senti 44 kwa kila gramu 10 za nyama, kubwa senti 53. Hapo unaona kwamba kubwa si lazima iwe na unafuu.

Ina kalori na chumvi kiasi gani?

Ya McDonald's ina kalori 250, protini gramu 12 na sodiamu miligramu 510. Ukiongeza jibini inafika kalori 300 na sodiamu 720. Kwa kuwa kiwango kinachoshauriwa Marekani ni sodiamu isiyozidi miligramu 2,300 kwa siku, kipande kimoja cha jibini kinaongeza karibu sehemu ya kumi ya siku nzima. Mwenye shinikizo la damu aanze kuacha jibini kabla ya kuacha hambaga yenyewe.

Kwa kampuni nyingine huna haja ya kutafuta mbali. Tangu Mei 2018 sheria inalazimisha mkahawa wowote wenye matawi 20 au zaidi kuandika kalori ubaoni. Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni chipsi na soda vinavyofuatana na hambaga.

## Hukumu

Mwishowe, ipi ni bora?

Kama uko magharibi au Texas na kuna In-N-Out karibu, nenda huko. Nyama haijagandishwa, mkate umepashwa kwenye bamba, kachumbari ni mbichi, na bei bado ni ya mtu wa kawaida. Hakuna mwingine anayekusanya yote hayo kwa bei hiyo.

Kwingineko, katika daraja la bei ya chini, naipa Wendy's nafasi ya kwanza kwa nyama, na McDonald's ya pili kwa uwiano na kwa kutobadilika: ile unayokula Ohio ndiyo utakayokula Arizona. Burger King naipenda ikitoka motoni saa hiyohiyo, ikichelewa kidogo naiacha. Five Guys na Shake Shack ni tamu kuliko hizi zote, lakini bei yake ni ya daraja jingine, na si haki kuzipanga mstari mmoja.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuomba nyama isiive sana, ibaki nyekundu ndani?

Kwa nyingi ya kampuni hizi, sahau, na sababu yake ni ya huzuni. Mwaka 1993 hambaga za Jack in the Box zilizokuwa na vijidudu aina ya E. coli O157:H7 na ambazo hazikuiva vya kutosha ziliwaugonjesha watu zaidi ya 700 katika majimbo ya magharibi. Watoto wanne walifariki. Baada ya hapo kanuni zilikazwa, na ushauri wa serikali sasa ni nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati.

Kipande kizima cha nyama kina vijidudu juu tu, na moto huviua. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu kinaingia ndani. Ukipika nyumbani kwa ajili ya watoto, usikisie kwa rangi, nunua kipimajoto.

Ni kweli hambaga ya McDonald's haiozi?

Hukauka kabla ya kuoza. Ni nyembamba, imepikwa kwa moto mkali, ina chumvi, na ikiachwa mahali pakavu maji huisha upesi kuliko ukungu unavyoweza kuota. Hambaga ya nyumbani yenye umbo hilohilo hufanya vivyo hivyo. Ile maarufu ya Iceland, iliyonunuliwa mwaka 2009 kabla McDonald's hawajafunga nchini humo, ilihifadhiwa miaka mingi ikiwa imekauka tu. Ukiifunga kwenye mfuko wenye unyevu, itaota ukungu kama chakula kingine.

Nina mzio wa ufuta. Nikichagua mkate usio na mbegu niko salama?

Si lazima. Ufuta uliingizwa rasmi kwenye orodha ya vizio vya lazima kutajwa Marekani Januari 2023. Baadhi ya viwanda vya mikate, badala ya kusafisha mashine zake kila mara, viliamua kuongeza ufuta kidogo kwenye unga na kuutaja. Kwa hiyo mkate usio na mbegu juu unaweza kuwa na ufuta ndani. Soma orodha ya vizio ya kampuni kila mara, hata kama uliwahi kula hapo zamani.

Hambaga ya robo ratili na ya theluthi ratili, ipi kubwa?

Ya theluthi. Naliweka swali hili kwa sababu miaka ya 1980 A&W waliuza hambaga ya theluthi ratili kushindana na robo ratili ya McDonald's, na haikwenda. Aliyekuwa mmiliki wake, Alfred Taubman, alieleza kwamba wateja wengi walidhani wanapunjwa, kwa kuwa 3 ni ndogo kuliko 4.

Nikirudi Nairobi, Dar es Salaam au Muscat nitazipata hizi?

McDonald's hawapo Kenya, Tanzania wala Uganda. Burger King walifungua Nairobi mwaka 2016, kwa hiyo ulinganisho wa kweli unaoweza kuufanya Afrika Mashariki ni huo wa moto wa wazi. Baga nyingi za mikahawa yetu ni kitu kingine: nyama nene iliyochanganywa na kitunguu, kotmiri na yai, karibu na kababu kuliko hambaga ya Wamarekani. Usiipime kwa vigezo vya huku.

Muscat ni rahisi zaidi. McDonald's, Burger King na Hardee's wapo, na nyama yao ni halali. Ndugu zetu wa huko wanaweza kulinganisha bila wasiwasi unaotusumbua sisi.

Nikiibeba nyumbani, naipashaje?

Itenganishe. Toa kachumbari na tango, pasha nyama kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani, mkate uuweke dakika ya mwisho ukiangalia chini. Maikrowevu huufanya mkate kuwa mgumu kama ngozi. White Castle ndiyo pekee inayostahimili, kwa kuwa ilikuwa ya mvuke tangu mwanzo: ifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uipe sekunde chache tu.